Mgao wa Ndege wa Mama

Nilimtaja mama yangu mzazi, katika kipindi cha Siasa, kuwa anafuga wanyonyaji. Mama huyu huyu aliyenibeba mgongoni kutoka Sindeni tulipohamia kijiji hiki, huku kichwani ana magodoro na mkononi ana kuku. Nimeamua kuanza na upumbavu wenyewe, mwanangu, usije ukausikia kwanza kwa rafiki yangu Kilo. Kilo akisimulia jambo, jambo hukua kila anapomeza mate.

Na usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua wewe uko darasa la nne na mimi niko la saba, na ndevu zangu ni tatu, na moja kati ya hizo inawezekana ni masizi. Lakini Mwalimu alitaka ukurasa wa nasaha za wazee kwenye gazeti letu la ukutani usibaki mweupe, na kila mzee aliyeombwa alisema ana mtama wa kulinda. Nikamwambia mimi pia ni mzee. Akaniuliza tangu lini. Nikamjibu, tangu kiangazi kilichopita. Akanitazama, akakumbuka, akanipa karatasi. Kwa hiyo kama unasoma umesimama, kalete kigoda, maana mzee akianza kukumbuka hana haraka.

Kiangazi kile unakikumbuka, hata kama ulikuwa unacheza gololi. Masika yalikuja siku nne tu, kama mgeni aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Vuli haikuja kabisa. Mahindi ya shamba la kijiji yalifika magotini, yakageuka rangi ya mkeka, yakabaki yanachakarisha upepo. Kina mama walikuwa wanafukua mchanga wa mto mpaka mwanamke anaonekana mabega tu, anachota maji kwa kata. Wafugaji wa upande wa Kang'ata walipita na ng'ombe ambao ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa umesimama barabara ya pili. Sisi tuliishi kwa lori. Lori lilitoka Korogwe na mahindi ya njano ya msaada, na kila Jumamosi balozi wa nyumba kumi aligawa kwa nyumba zake. Balozi wetu ni Mzee Mhina, unamjua, yule akikohoa huku mbuzi wa kule wanasimama.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa anakata mkonge Korogwe, tulimwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ni mama, mimi, na mdogo wangu Zaina wa miaka minne, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali.

Sasa nikwambie kuhusu ndege wa mama. Kila asubuhi mama alipeta mahindi yake kwenye ungo. Yale mazima yalikwenda kwenye kinu. Kilichobaki, yaani makapi, chenga zilizotobolewa na fukusi na lile vumbi jeupe ambalo fukusi huliacha wakishakula, alikimwaga juu ya jiwe bapa lililo nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Pembeni ya jiwe aliweka kigae cha chungu kilichovunjika, na humo alimimina maji tuliyonawia mikono. Basi walikuwa wanakuja. Tetere walikuja wakitembea kama wakaguzi. Shorewanda na chiriku walikuja kwa kelele. Na walikuwepo kwenzi, wale weusi wanaong'aa bluu juani, ambao makapi hawayapendi sana ila walikuja kwa ajili ya maji, wakioga kwenye maji ya kunawia kana kwamba ni wao walionunua chungu.

Mimi niliona haya. Nyumba nyingine watoto walikuwa wanawategea ndege kwa ulimbo, wanawachoma. Kwetu ilikuwa marufuku. Mama alisema, "Hapa kwenye jiwe hategewi mtu." Alisema mtu, mwanangu. Nikawa najiuliza kama njaa imempanda kichwani.

Ikaja Jumatano yenyewe. Kipindi cha Siasa ni baada ya mapumziko, wakati tumbo linaongea kuliko mwalimu. Mwalimu akauliza, "Nani atanitajia mfano wa mnyonyaji? Yule anayekula bila kufanya kazi?"

Wenzangu wakatoa majibu ya kwenye daftari. Kabaila. Bepari. Kupe. Mimi nikanyoosha mkono.

"Haya, Rajabu."

"Ndege wa mama yangu, Mwalimu."

Vichwa vyote vikanigeukia, na mchekeshaji huujua utamu huo.

"Hawalimi," nikasema, "hawapalilii, shamba la kijiji hawalijui, na kila asubuhi wanapata mgao wa mahindi ya njano."

Lilipasuka, mwanangu. Kilo alianguka kutoka kwenye benchi. Hata Mwalimu aligeukia ubao akajifanya anafuta kitu, na ubao ulikuwa haujaandikwa. Na hapo ndipo ningekaa chini. Lakini kicheko cha darasa zima kinalevya, na mimi nilikuwa na njaa, kililevya haraka.

"Mama ndiye balozi wao," nikaendelea. "Balozi wa ndege kumi kumi. Wanapanga foleni. Kuna tetere mmoja mnene, huyo ndiye mwenyekiti."

"Anawapa kiasi gani?" akauliza mtu kutoka nyuma.

"Kibaba kwa kichwa!"

Nikakaa kwa shangwe. Hiyo ndiyo hotuba iliyoninyima chakula.

Maana darasani kuna watoto wa wajumbe wa kamati ya kijiji. Mtoto mmoja alifika nyumbani akasema Mama Rajabu anawapa ndege mahindi. Aliyesikia akamwambia mwenzake ni kibaba. Kufika Ijumaa, kule kisimani, ilikuwa nusu debe. Sikumlaumu mtu kwa kuongeza. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuongeza.

Jumamosi nilikuwa nimeshika kikapu nyuma ya mama kwenye foleni. Tulipofika mbele, Mzee Mhina hakuinua kipimo.

"Shikamoo, Mzee," mama akasema.

"Marahaba. Mama Rajabu, weka kikapu chako pembeni kwanza."

"Kuna nini?"

"Kuna maneno." Alikuwa anaangalia gunia, si uso wa mama. "Watu wanasema kwako chakula cha msaada kinaliwa na ndege. Kamati imeona tusubiri mkutano wa Jumanne. Kama ni uongo utapewa. Kama ni kweli, jina lako linatoka kwenye orodha."

"Nani kasema?"

"Yametoka shuleni."

Mama akageuka. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, akawatazama watoto waliokuwa wanaokota punje chini ya lori. Aliwatazama wote isipokuwa mimi niliyekuwa nyuma yake na kikapu. Haikumjia akilini hata kidogo kwamba ni mimi, mwanangu. Alinipita kwa macho kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake mwenyewe akimtafuta mwizi.

Nami nikanyamaza. Mimi, ambaye hata msikitini nilishawahi kutolewa kwa kunong'ona.

Siku ile tulikula bada ya muhogo wa mwisho, ugali mweusi unaokwama kooni. Jumapili asubuhi mama alipeta, lakini hapakuwa na mazima ya kupeta. Alichukua makapi yaliyobaki kwenye kikapu, yale ya ndege, akayapeta mara ya pili, akayachagua kwa kidole, akapika uji. Haukuwa uji, yalikuwa maji yenye wasiwasi. Akampa Zaina kikombe, akanipa mimi, yeye akasema ana kiungulia.

Nyuma ya nyumba jiwe lilikuwa tupu. Ndege walikuja kwa saa zao zile zile. Walikaa juu ya minyaa, mstari mrefu, wakitazama mlango wa jiko. Hawakupiga kelele. Ningependelea wapige kelele.

"Mama," Zaina akasema, "mbona ndege hawapewi?"

"Leo wamefunga."

"Ramadhani imefika?"

"Kwao imefika."

Zaina akawaza. Kisha akaenda nje na kikombe chake, akakiinamisha juu ya jiwe, likadondoka lile tope kidogo lililobaki chini. Mama alimwona. Nilidhani atamzuia. Alirudi ndani akaanza kufagia mahali palipokwishafagiwa.

Uji wangu nilimpa Zaina, nikajisifu moyoni, halafu nikaona aibu kwa kujisifu, maana ulikuwa wake tangu mwanzo.

Jumatatu nilimfuata Kilo mtoni.

"Mgosi," nikamwambia, ndivyo tunavyoitana wanaume wa huku, "kesho nasimama mkutanoni nikiri. Lakini watanicheka."

Kilo akanitazama kwa huruma. "Mgosi, kwani siku zote huwa wanakufanya nini?"

"Siku zote ninataka."

Kilo akachota maji kwa kata, akanipa mimi kwanza.

Jumanne alasiri kijiji kizima kilikaa mbele ya ofisi, wanaume upande wa kivuli kama kawaida yao. Mzee Mhina alieleza habari. Mama akasimama, khanga ameifunga barabara, akasema, "Ndege nawapa makapi. Mahindi sijawapa." Mtu wa kamati akasema, "Lakini mtoto wako mwenyewe shuleni..." Mama akageuka polepole. Safari hii alinitazama.

Nikasimama. Na kabla sijafungua mdomo, watu wakaanza kucheka.

"Rajabu huyo!"

"Tuchekeshe, bwana, tunakufa njaa hapa!"

"Nimesema uongo," nikasema. "Yale maneno ni yangu. Kibaba nilikitunga mimi."

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja alijipiga paja. Walidhani mzaha wenyewe uko njiani, wanausubiri ufike. Nilisema tena, kwa sauti kubwa, na sauti yangu, ambayo mwaka ule ilikuwa haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima, ikapasuka katikati. Wakaanguka. Mwanangu, ile ilikuwa mara ya kwanza maishani kutamani watu waninunie. Nilikuwa nimewazoesha vibaya. Neno la kweli nililolileta siku ile halikuwa na pa kukaa, viti vyote vilikuwa vimeshachukuliwa na utani wangu wa zamani.

Sasa, chini ya shati nilikuwa nimebeba kitu. Asubuhi ile nilikwangua jiwe la mama. Katika nyufa za jiwe na chini ya minyaa nilipata konzi mbili za chakula cha ndege, cha tangu kabla ya Jumamosi, nikakifunga kwenye kitambaa. Nilikusudia kukionyesha tu. Lakini nilipoona hawaachi kucheka, nikakifungua kitambaa, nikachukua konzi nzima, nikaitia mdomoni, nikatafuna.

Walicheka kidogo bado. Nikaendelea kutafuna. Makapi yanachoma ufizi. Vumbi la fukusi linapanda puani, halafu ulimi unakuwa kama unyayo. Machozi yalinitoka. Nikajaribu kumeza, nikapaliwa, nikakohoa vumbi jeupe mbele ya kamati nzima, nikachukua konzi ya pili. Hapo kicheko kikaanza kufa, kutoka mbele kurudi nyuma. Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni, mtoto atakufa."

Mzee Mhina alikuja mpaka nilipokuwa. Alikichukua kitambaa, akachovya kidole, akaonja. Akatema pembeni.

"Hiki ndicho wanachopewa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mdomo haukuwa na nafasi.

"Hiki ndicho kibaba?"

"Ndicho, Babu," nikasema, na punje ikaruka ikamkaa kwenye kanzu. Hakuna aliyecheka. Ndipo nikajua wameniamini.

Mzee Mhina akageuka. "Sawa, Mama Rajabu. Yamekwisha hayo. Lakini niambie mimi, nataka kujua tu. Hata makapi mwaka huu ni chakula. Kwa nini ndege?"

Mama hakuwa mtu wa mikutano. Alizungumza akiangalia mikono yake.

"Mzee, mimi nimepanda ulingo wa kuamia ndege tangu sijaota meno ya mbele. Jua linatoka niko juu, linazama niko juu, na kombeo mkononi. Wenzangu wa rika wapo hapa, waulize nani alikuwa anapiga kombeo kuliko mimi. Miaka yote nimewafukuza, na walikuwa wanarudi, na nilikuwa nawalaani. Mwaka huu nikapita shambani, hakuna mtama, hakuna wa kumfukuza. Nikamkuta tetere amekaa chini ya ulingo wangu, ananitazama, wala haruki. Hana nguvu ya kuruka. Nikaona huyu ananijua. Tumegombana miaka thelathini. Siwezi kujifanya simjui kwa sababu wote hatuna kitu."

Akakaa. Upande wa wanawake mtu akasema, "Kweli kombeo alikuwa anapiga huyu," na mwingine akaitikia.

Mzee Mhina akakohoa kikohozi chake. "Kikapu chake kijazwe leo hii. Na huyu mzungumzaji atachota maji ya ofisi, ndoo mbili kila siku, mpaka mvua inyeshe."

Nakuambia, mwanangu, hakuna mtu katika wilaya hii, wala sheikh wala mchungaji, aliyeiombea mvua kama nilivyoiombea mimi.

Tulirudi nyumbani, kikapu kichwani pangu. Nilingoja fimbo. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kushika wakati napigwa. Mama hakunipiga. Kesho yake asubuhi alinipa ungo mkononi, akasema, "Peta." Basi. Nikapeta, nikatenga, nikaenda kumwaga juu ya jiwe mimi mwenyewe, na wale ndege wakanikimbia siku tatu nzima kwa sababu hawakunizoea. Siku ya nne tetere mnene alishuka. Nilifurahi kuliko siku niliyofaulu hesabu, ambayo ilikuwa moja.

Mvua ilikuja mwisho wa mwezi wa tatu. Ukachipua mtama, yakachipua mahindi, na mara wakaja viwavi jeshi, wale weusi wanaotembea kama wametumwa. Hapa watu watakwambia ndege wa mama waliokoa kijiji. Sitakudanganya, nimeshaacha kuongeza. Viwavi walikula mashamba mengi, na tuliwaponda kwa miguu na matawi, shule nzima, wiki mbili. Lakini kwenye vipande vya nyuma ya nyumba zetu, kando ya ule ua wa minyaa, kwenzi walikuwa wameshazoea kushuka kila asubuhi, na walishuka, na walikula viwavi mpaka wakawa wazito kuruka. Mama alivuna mchicha na kunde wakati wengine hawana jani. Aligawa nyumba zote kumi. Mzee Mhina alipopokea fungu lake alisema, "Wasalimie wale wa juu," akitazama minyaa. Na mpaka leo ukipita nyuma ya nyumba yake asubuhi utakuta kigae cha maji. Ukimuuliza atasema ni cha kuku.

Basi nasaha yangu ni hii, na nimeilipia. Usiache utani, mwanangu. Kijiji kisicho na mcheshi kinanuka kama ghala. Lakini kabla hujautupa, tazama utaangukia sahani ya nani. Kama ni ya mtu anayekupikia, umeze. Na kama umeshautupa ukamwumiza mtu, simama siku hiyo hiyo, usingoje mpaka Jumanne kama mimi, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu anakunywa maji akisema ana kiungulia. Jipunguzie mzaha kidogo pia, ili siku una neno la kweli watu wasikudai kicheko kwanza. Na makapi ya nyumbani kwako, yale ya kutupa kabisa, usiyatupe. Mungu akujalie mvua, na akujalie wa kumwagia.

Miezi yote hiyo mama hakulitaja lile jambo hata mara moja. Mtama umeiva sasa, umeona mwenyewe, vichwa vimeinama. Na ndege nao wameona. Juzi asubuhi walikuwa shambani kwetu, wote, shorewanda na chiriku na yule tetere mwenyekiti, wanakula mtama bila haya. Nikakimbia kumwita mama, nikamwambia wageni wake wametusaliti. Alitoka, akasimama, akawatazama muda mrefu akitabasamu. Kisha aliingia ndani, akatoka na kombeo lake la usichana, akaliweka mkononi mwangu, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akasema:

"Rajabu, siku ile ulipokula makapi mbele za watu, nilikusamehe kabla hujameza. Mungu akukuze, mdomo wako uchekeshe watu na uwashibishe. Sasa panda ulingoni ukawafukuze. Lakini jiwe lipite pembeni, mwanangu. Usimpige hata mmoja, maana kiangazi kitarudi, na hao tunajuana."